Jinsi ya Kutengeneza Skini ya Winamp kwa Mtindo wa Zamani

Winamp, programu ya kucheza muziki kwenye kompyuta, ilitoka mwaka 1997, lakini maswali kuhusu skini zake, yaani sura za kuivalisha, hayajaisha hadi leo. Wanaouliza ni wa makundi mawili. Wapo walioitumia enzi za intaneti kafe na skrini za chogo, ambao sasa wanaikumbuka kwa hamu, na wapo vijana waliokutana na picha zake mtandaoni wakashangaa kwamba zamani mtu wa kawaida aliweza kubadilisha sura nzima ya programu apendavyo. Wote huuliza mambo yale yale: kama skini hizo bado zinafanya kazi, kama ni lazima kujua kuandika programu ili kutengeneza moja, na kwa nini ile waliyojaribu kuichora imetokea na viraka vyeusi nyuma ya jina la wimbo. Majibu ni ndiyo, hapana, na utaona katika hatua ya 6.

Kwanza tuelewane ni skini ipi tunayoizungumzia. Kampuni ya Nullsoft ilitoa Winamp 2 mwaka 1998, na skini za toleo hilo ndizo zilizoenea duniani kote. Faili zake huishia na .wsz. Mwaka 2002 ilikuja Winamp 3 na skini za aina nyingine, zenye kiendelezi cha .wal, ambazo zilihitaji mtu aandike msimbo, na kwa maoni yangu hapo ndipo mlango ulipofungwa kwa mtu aliyejua kuchora tu. Winamp 5 ya mwishoni mwa 2003 husoma aina zote mbili. Mwongozo huu unahusu ile ya kwanza pekee, kwa sababu ndani yake hamna msimbo wowote. Ni picha za BMP zenye vipimo maalumu pamoja na faili chache za maandishi, vikafungwa ndani ya faili moja ya zipu iliyobadilishwa kiendelezi.

Winamp haikuwa peke yake katika hili. Windows Media Player ilianza kuvaa skini katika toleo la 7 la mwaka 2000, na Firefox iliruhusu mandhari zinazobadilisha kila kitufe hadi toleo la 57 lilipotoka Novemba 2017. Siku hizi programu nyingi hukuachia uchague mwanga au giza, basi.

Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Programu ya kufanyia majaribio. Kwenye Windows tumia Winamp 5. Kwenye Linux tumia Audacious au Qmmp, ambazo zote zina kiolesura kinachosoma skini hizi. Kama huwezi kusakinisha chochote, fungua Webamp ndani ya kivinjari. Ni kazi ya Jordan Eldredge, na skini huwekwa kwa kuburuta faili na kuiachia juu ya dirisha la muziki.
- Programu ya kuchora inayokuonyesha pikseli mojamoja na kuhifadhi BMP ya biti 24. GIMP ni ya bure na inatosha kabisa. Hata Paint ya Windows inafaa, na skini nyingi za zamani zinaonyesha wazi kwamba zilichorwa kwa zana za kiwango hicho.
- Kihariri cha maandishi matupu kama Notepad. Usitumie Word, kwa sababu huongeza mambo yasiyoonekana ndani ya faili.
- Skini ya msingi iliyo kamili, utakayoitumia kama kielelezo cha vipimo. Winamp Skin Museum, jumba la makumbusho la mtandaoni lililofunguliwa mwaka 2020, lina makumi ya maelfu ya skini za kupakua. Chagua iliyo rahisi, yenye mistari iliyonyooka na madirisha yote matatu: dirisha kuu, ikwalaiza (dirisha la kurekebisha sauti nzito na nyembamba) na orodha ya nyimbo.
- Rangi nne au tano ulizokwisha kuziamua na kuziandika kwa msimbo wake wa alama ya # na tarakimu 6. Anayeamua rangi akiwa anachora hujikuta na rangi thelathini zisizopatana.

Hatua za kazi

1. Fungua skini ya msingi. Nakili faili ya .wsz, kisha badilisha kiendelezi cha nakala hiyo kiwe .zip na uitoe yaliyomo ndani ya folda mpya. Kama Windows imeficha viendelezi, viwashe kwanza katika mipangilio ya folda, la sivyo utapata faili inayoitwa skini.zip.wsz na hutaelewa kwa nini haifunguki. Ndani utakuta MAIN.BMP, CBUTTONS.BMP, TITLEBAR.BMP, VOLUME.BMP, TEXT.BMP, NUMBERS.BMP, EQMAIN.BMP, PLEDIT.BMP na nyinginezo, pamoja na VISCOLOR.TXT na PLEDIT.TXT. Majina haya hayabadilishwi hata kidogo.

2. Weka folda mahali pa kazi. Winamp husoma pia skini ambayo haijafungwa kwenye zipu, mradi folda yake imo ndani ya folda ya Skins ya Winamp. Maana yake ni kwamba unaweza kuchora, kuhifadhi, kisha kubonyeza F5 ili skini ipakiwe upya na uone badiliko papo hapo. Usipotumia njia hii utakuwa unafunga na kufungua zipu kwa kila pikseli unayoigusa, na hapo ndipo wengi huchoka. Windows ikikataa kuhifadhi ndani ya Program Files, chora faili yako kwenye folda nyingine kisha uinakili.

3. Chora dirisha kuu. MAIN.BMP ina upana wa pikseli 275 na kimo cha pikseli 116, na ukubwa huo haubadiliki. Hii ndiyo turubai ya nyuma. Vitufe, namba na vitelezi vyote vitabandikwa juu yake na programu yenyewe, katika sehemu ambazo huwezi kuzihamisha. Hesabu kuanzia kona ya juu kushoto, pikseli ya kwanza ikiwa 0. Safu ya vitufe vya kucheza huanza kwenye 16 kwa mlalo na 88 kwa wima. Kitelezi cha wimbo kiko 16 na 72. Kitelezi cha sauti kiko 107 na 57. Jina la wimbo huanza 111 na 27, na michirizi inayorukaruka kufuata muziki hukaa 24 na 43, katika eneo lenye upana wa 76 na kimo cha 16.

   Nakushauri utengeneze tabaka la muda lenye visanduku vyekundu katika maeneo hayo yote, uchore chini yake, kisha ulifute tabaka hilo kabla ya kuhifadhi. Anayeanza hupenda kuweka picha ya mwanamuziki au gari katikati ya dirisha, halafu hugundua kwamba uso umefunikwa na namba za dakika. Kama unataka picha, iweke nafasi ambako programu haibandiki kitu, au ikubali ikatwekatwe.

   Chora kwa penseli ya pikseli moja, usitumie brashi yenye kingo laini. Katika turubai ndogo kiasi hiki, kingo laini hugeuka kuwa uchafu.

4. Chora vitufe. CBUTTONS.BMP ina upana wa 136 na kimo cha 36. Safu ya juu ni vitufe vikiwa havijaguswa, na safu ya chini ni vilevile vikiwa vimebonyezwa. Vinne vya mwanzo, yaani kurudi nyuma, kucheza, kusitisha kwa muda na kusimamisha, vina upana wa 23 kila kimoja na kimo cha 18. Cha kwenda mbele kina upana wa 22. Cha mwisho, kile cha kufungua faili, kina upana wa 22 lakini kimo chake ni 16 tu, na hapa wengi huteleza: huchora vitufe sita vyenye kimo sawa, kisha hushangaa kuona cha mwisho kimekatwa chini.

   Kwa kitufe kilichobonyezwa, njia ya zamani iliyo bora ni kugeuza mwanga. Kama kitufe kina mstari mweupe juu na kushoto, na mstari wa kivuli chini na kulia, badilisha nafasi zake na usogeze alama ya katikati pikseli moja chini na moja kulia. Jicho litaamini kwamba kimezama.

5. Chora vitelezi. Hii ndiyo sehemu yenye kazi nyingi kuliko zote, na ndiyo inayotofautisha skini iliyofanyiwa kazi na ile iliyolipuliwa. VOLUME.BMP ina upana wa 68 na kimo cha 433, kwa sababu ndani yake zimo picha 28 za kitelezi kimoja, zikipangwa kutoka juu kwenda chini kila baada ya pikseli 15. Kila picha ina kimo cha 13. Ya juu kabisa ni sauti ikiwa imezimwa, na ya 28 ni sauti ikiwa juu kabisa. Hapo unaweza kufanya utakalo: rangi ipande kutoka kijani hadi nyekundu, mkufu urefuke shanga kwa shanga, maji yajae mtungini. Chini kabisa, kuanzia pikseli ya 422, kuna kishikio mara mbili, upana wa 14 na kimo cha 11: cha kushoto kikiwa kimeshikwa, cha kulia kikiwa kimeachwa.

   Usichore picha 28 kwa mkono. Chora ya kwanza na ya mwisho, kisha nakili ya kwanza chini mara nyingi na uongeze kidogo kidogo katika kila nakala.

   BALANCE.BMP hufuata mpango uleule, ila picha ya kwanza ni ya mizani ikiwa katikati na ya mwisho ni ikiwa imevutwa pembeni kabisa, na picha hizohizo hutumika kwa kushoto na kulia. Kwa hiyo mchoro wenye mwelekeo mmoja, kama mshale unaotazama kulia, utaonekana wa ajabu mtu akivuta kushoto. POSBAR.BMP ni rahisi zaidi: reli yenye upana wa 248 na kimo cha 10, ikifuatwa na vishikio viwili vya upana wa 29.

6. Chora namba na herufi. NUMBERS.BMP hubeba tarakimu 0 hadi 9, kila moja ikiwa na upana wa 9 na kimo cha 13, na mwishoni nafasi moja tupu. Kama kuna NUMS_EX.BMP, hiyo huongeza alama ya kutoa, na Winamp huitumia badala ya ile ya kwanza. Kwa hiyo ukibadilisha moja ukaisahau nyingine, hutaona badiliko lolote. TEXT.BMP hubeba herufi za jina la wimbo, kila moja upana wa 5 na kimo cha 6 tu. Hakuna herufi ndogo, kila jina huandikwa kwa herufi kubwa. Alama ya king'ong'o imo katika safu ya pili, kwa hiyo majina ya nyimbo za Kiswahili yatasomeka bila tatizo.

   Sasa tufike kwenye vile viraka vyeusi. Herufi na namba hazina uwazi nyuma yake: kila moja hubandikwa pamoja na usuli wake. Kama umechora dirisha kuu la bluu lakini usuli wa TEXT.BMP ukabaki mweusi wa skini ya msingi, kila herufi itatokea katika kisanduku chake cheusi. Dawa ni kuweka rangi moja tambarare katika eneo la jina la wimbo na eneo la dakika ndani ya MAIN.BMP, kisha kutumia rangi hiyohiyo, kwa msimbo uleule, kama usuli wa TEXT.BMP na NUMBERS.BMP. Usijaribu kuweka mchanganyiko wa rangi unaofifia nyuma ya jina la wimbo. Herufi husogea, usuli wake husogea nazo, na hakuna namna ya kuzioanisha na kilichoko nyuma.

7. Malizia sehemu ndogo za dirisha kuu. TITLEBAR.BMP ina pau ya juu yenye upana wa 275 na kimo cha 14, ikianzia pikseli ya 27 kutoka kushoto: mara ya kwanza dirisha likiwa linatumika, na chini yake dirisha likiwa limeachwa. Hakikisha tofauti ya hizo mbili inaonekana. SHUFREP.BMP ina vitufe vya kurudia na kuchanganya nyimbo katika hali nne: umezimwa, umezimwa na kubonyezwa, umewashwa, umewashwa na kubonyezwa. MONOSTER.BMP na PLAYPAUS.BMP ni ndogo mno kuhitaji maelezo. Fuata kielelezo na ubadilishe rangi.

8. Chora ikwalaiza na orodha ya nyimbo. EQMAIN.BMP hutumia ujuzi uleule wa vitelezi, kwa picha 28 zilizopangwa safu mbili za 14. PLEDIT.BMP inahitaji uangalifu wa aina nyingine, kwa kuwa dirisha la orodha hupanuliwa na mtumiaji, nalo hukua kwa hatua za pikseli 25 kwa upana na 29 kwa kimo. Vipande vya pembeni hurudiwarudiwa kujaza nafasi, hivyo mchoro wa kipande kimoja lazima uungane na nakala yake bila mshono kuonekana. Mafundi wa zamani walipenda nakshi za mistari midogo hapa kwa sababu hiyo.

   Rangi za maandishi ya orodha hazichorwi. Fungua PLEDIT.TXT uandike hivi, ukiweka rangi zako:

   [Text]
   Normal=#E8D9A0
   Current=#FFFFFF
   NormalBG=#1B2A3A
   SelectedBG=#35506B
   Font=Arial

   Mstari wa Current ni wimbo unaochezwa sasa. Upe rangi inayojitenga kabisa na Normal, kwa sababu katika orodha ya nyimbo mia tatu hiyo ndiyo njia pekee ya kujua uko wapi.

9. Weka rangi za michirizi ya muziki. VISCOLOR.TXT ina mistari 24, kila mmoja ukiwa na namba tatu za nyekundu, kijani na bluu kuanzia 0 hadi 255, zikitenganishwa kwa mkato. Wa kwanza ni usuli, na lazima ulingane na MAIN.BMP kwa sababu ileile ya viraka. Wa pili ni vitone vya usuli; ukiupa rangi sawa na wa kwanza, vitone hupotea. Mistari 16 inayofuata ni rangi za nguzo kutoka kileleni hadi chini, mitano ni ya wimbi, na wa mwisho ni kile kitone kinachobaki juu nguzo inapoanguka. Usifute mstari wowote.

10. Funga na ujaribu. Ongeza faili ya maandishi yenye jina la skini, jina lako au la utani, na mwaka. Kama umebakiza mchoro wa mtu mwingine kutoka skini ya msingi, mtaje humo. Ndivyo ilivyokuwa desturi ya watengenezaji wa wakati ule. Kisha chagua faili zote kwa pamoja, bila kuichagua folda iliyozibeba, uzifunge kwenye zipu, na ubadilishe kiendelezi kuwa .wsz. Bofya faili hiyo mara mbili na Winamp itaisakinisha. Bonyeza Alt+S kuona orodha ya skini ulizonazo.

Kuna faili moja niliyoiacha kwa makusudi, nayo ni REGION.TXT, inayokata umbo la dirisha ili lisiwe mstatili. Ni ya kuvutia, lakini iache hadi skini yako ya mstatili ikamilike. Ndani yake huorodheshwa pointi za umbo na idadi ya pointi hizo, na idadi isipolingana na orodha, sehemu ya dirisha au dirisha zima linaweza kutoweka.

Skini ikikataa

*Dirisha moja limebaki na sura ya kawaida ya Winamp.* Faili inayohusika haipo au jina lake limekosewa. Winamp ikikosa picha huazima ya skini yake ya asili. Kagua tahajia, hasa SHUFREP na MONOSTER, ambazo watu huziandika kwa urefu.

*Picha imehifadhiwa lakini haionekani, au rangi zimevurugika.* Mara nyingi ni aina ya BMP. Katika GIMP, unapohamisha picha, chagua biti 24, zima ukandamizaji, na uweke alama kwenye chaguo la kutoandika taarifa za mfumo wa rangi. BMP ya biti 32 yenye uwazi ni chanzo kikubwa cha matatizo.

*Vitufe vimesogea pikseli moja au mbili.* Ukubwa wa turubai umebadilika bila wewe kujua. Linganisha upana na kimo cha kila faili na ile ya skini ya msingi. Kama programu ya kuchora imekata kingo tupu, panua turubai irudi kipimo chake, usiinyooshe picha.

*Kuna madoadoa kuzunguka herufi.* Mahali fulani njiani picha ilihifadhiwa kama JPEG. Ukandamizaji wake hauondoki kwa kuirudisha kuwa BMP, kwa hiyo rudi kwenye nakala ya kabla ya hapo, au chora upya sehemu hiyo.

*Kila kitu ni kidogo mno kwenye skrini ya sasa.* Skini hizi zilichorwa wakati skrini nyingi zilikuwa na pikseli 800 kwa 600 au 1024 kwa 768. Bonyeza Ctrl+D na dirisha kuu pamoja na ikwalaiza vitakuzwa mara mbili. Usiongeze ukubwa wa picha zenyewe, kwa kuwa programu haitazipanua. Itakata tu kona ya juu kushoto na kuitumia hiyo.

*Inafanya kazi kwenye Winamp lakini si kwenye Webamp au Audacious, au kinyume chake.* Fungua zipu uone kama faili zimo juu kabisa au zimejificha ndani ya folda nyingine. Kisha hakikisha hukuacha picha yoyote ukitegemea kwamba itaazimwa, maana kila programu ina namna yake ya kujaza pengo. Skini yenye faili zote, zenye vipimo sahihi, hufunguka kote.